Fundi Lifti Aliyekwama Likizoni

Kwa miaka kumi na tisa aliyofanya kazi ya kutengeneza lifti, Fundi hakuwahi kupanda lifti kama watu wengine wanavyopanda. Watu wengine huingia, hubonyeza namba, kisha hutazama viatu vyao mpaka wafike. Yeye huingia ametega sikio. Husikiliza mlango unavyojifunga, husikiliza reli, husikiliza breki inavyoshika, na kabla hajafika anakokwenda ameshajua lifti ile iliguswa na fundi lini mara ya mwisho na fundi huyo alikuwa na haraka kiasi gani. Hata kwenye harusi ya shemeji yake, wakati bibi harusi anapandishwa ukumbini, Fundi alikutwa amepiga magoti kando ya mlango wa lifti, na suti na tai yake, anachungulia kwenye upenyo kwa mwanga wa simu. Picha ipo. Mkewe huitoa kila wanapogombana.

Ndiyo maana safari hii, kabla hata mabegi hayajafungwa, mkewe alimwapisha. Mkewe ni mwalimu wa hesabu na hapendi ahadi za juu juu.

"Siku nne, Baba Mbona," alisema. "Hutachungulia lifti, hutagonga lifti, hutazungumza na mtu habari za lifti. Sema hapa mbele ya mama na mbele ya watoto."

"Sawa."

"Sawa siyo kusema."

"Sitachungulia, sitagonga, sitatia neno," alisema Fundi, na mama mkwe wake, aliyekuwa anakunja taulo, akatikisa kichwa kama hakimu aliyepokea kiapo.

Baba Mbona ndilo jina alilolipata kutokana na binti yake mdogo. Mtoto ana miaka saba na ana jina zuri tu kwenye cheti, lakini hakuna anayelitumia, kwa kuwa hakuna sentensi anayoianza bila neno "mbona". Dada yake ana miaka kumi na sita na wala haulizi kitu, kwa sababu kila kitu ameshakijua au amekiona kwenye simu. Mama mkwe alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne, amestaafu, magoti yamechoka lakini sauti bado ni ile ya wodini.

Basi wakaenda zao pwani, mji mkubwa ambao hawakuwahi kuuona, wakapata vyumba viwili ghorofa ya nne ya hoteli. Siku ya kwanza ikaenda kwa kupumzika. Siku ya pili ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Saa mbili na nusu wapande boti, saa tatu na nusu wawe kisiwani, waogelee, wacheze mchangani, wale, warudi saa kumi. Mkewe aliyaandika yote hayo kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo cha bafuni, kiasi kwamba Fundi alinyoa ndevu huku anasoma muda wa kupaka mafuta ya jua.

Walifika gatini saa mbili na robo. Boti zilikuwepo, zote zimefungwa, zinapandishwa na kushushwa na maji kama zinatikiswa na mtu mwenye hasira. Kwenye mlingoti kulikuwa na bendera nyekundu.

"Leo hakuna kwenda," alisema msimamizi wa gati, bila hata kuinua macho kwenye gazeti. "Upepo."

"Lini utatulia?" aliuliza mkewe.

"Mama, mimi nasimamia boti. Upepo una wasimamizi wake."

"Mbona jana haukuwepo?" aliuliza Mbona, mkononi ana ndoo yake mpya ya plastiki ya kuchezea mchanga, ya bluu, yenye mfuniko. Alilala nayo usiku kucha.

Wakarudi chumbani, wote watano wakakaa kwenye vitanda viwili, na hapo ndipo mkutano ulipoanza. Binti mkubwa alitaka kwenda dukani. Mbona alitaka kisiwa, na alipoambiwa hakuna kisiwa leo, akataka kisiwa kingine. Mkewe alitaka makumbusho, kwa sababu yana paa. Fundi alikuwa na wazo moja tu, nalo lilikuwa kulala.

"Kulala unalala nyumbani," alisema mkewe.

"Nyumbani silali. Nyumbani napigiwa simu saa kumi alfajiri kwamba mtu amekwama."

"Na hiyo ni habari ya lifti."

"Ni habari ya usingizi!"

Mama mkwe akakohoa. Wote wakamgeukia. "Mimi," alisema, "nimekuja kuiona bahari. Nina miaka sabini na moja, nimeiona jana kwa mbali kupitia dirisha la choo. Yule dada wa mapokezi amesema lipo jengo refu hapo mjini, ghorofa kumi na nane, juu kabisa kuna mahali pa kusimama unaiona bahari yote. Nipelekeni huko. Nikishaiona, mnaweza kwenda kwenye hayo maduka yenu."

Hakuna mtu katika familia ile aliyewahi kumshinda bibi kwa hoja. Ghorofa kumi na nane, aliwaza Fundi, akafunga macho. Ghorofa kumi na nane hazipandwi kwa ngazi na mtu mwenye magoti yale.

Jengo lenyewe lilikuwa la ofisi, na vioo vya buluu, na mlangoni mlinzi kijana mwenye sare iliyompwaya mabegani. Chini kulikuwa na lifti mbili. Moja ilikuwa imebandikwa karatasi: HAIFANYI KAZI. Ya pili ilikuwa inashuka. Fundi alisimama mbali kidogo, mikono mfukoni, akajitia kutazama maua ya plastiki. Lakini masikio hayana mifuko. Lifti ilifika, mlango ukafunguka, ukatoa watu wawili, ukaanza kujifunga. Ukagonga. Ukarudi kidogo. Ukagonga tena, ndipo ukafunga.

Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa tayari anamtazama yeye.

"Baba Mbona," alisema taratibu.

"Sijasema kitu."

"Uso wako umesema."

"Uso wangu haukuapa."

"Ingia," alisema mkewe.

Wakaingia shingo upande, yaani yeye shingo upande, wengine kwa furaha. Nyuma yao akaingia mwanamume mnene wa makamo, mwenye suti nyeusi na bahasha ya kaki, akabonyeza kumi na nne, akaanza kunong'ona peke yake kama mtu anayekariri. Mlango ukagonga, ukarudi, ukagonga tena, ukafunga. Lifti ikapanda. Tatu, tano, nane. Fundi alihesabu pumzi zake. Tisa. Kumi.

Ikasimama kwa kishindo kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Feni ikazimika. Taa ikabaki.

Kisha Mbona akauliza, "Mbona tumesimama?"

Watu wanne wa familia moja wakageuka kwa pamoja wakamtazama Fundi.

"Nini?" alisema Fundi.

"Nini, nini? Tengeneza!" alisema mkewe.

"Haitengenezwi kutokea humu ndani. Kila kinachotengenezwa kipo nje." Akabonyeza kitufe chenye alama ya kengele. Baada ya kama dakika tatu, sauti ya yule mlinzi ikasikika kwenye spika, inakwaruza.

"Nani?"

"Watu wa lifti. Tumekwama, tumepita kidogo ghorofa ya kumi. Watu wazima watano na mtoto. Mpigie simu fundi wenu wa zamu. Usiguse kitu chochote. Umenisikia? Usiguse kitu."

"Dakika tano tu, mzee."

Fundi akacheka, kicheko kisicho na furaha. Dakika tano aliijua. Yeye mwenyewe ameisema mara elfu kwenye simu, akiwa amekaa kitandani anatafuta soksi.

Nusu saa ikapita. Joto likaanza kupanda. Binti mkubwa alipandisha simu juu, akaishusha, akaipandisha tena, kisha akatangaza kwamba hakuna mtandao, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Mkewe alikuwa amekunja mikono.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Miaka kumi na tisa unaamka usiku kwenda kutoa watu wasiokuhusu. Leo ndani ya lifti yupo mkeo, wapo wanao, yupo mama yangu, na wewe umeegemea ukuta."

"Ndivyo inavyotakiwa. Ukikwama unaegemea ukuta, unasubiri."

"Hiyo ndiyo fani? Hiyo hata mimi naiweza."

"Basi ifanye."

"Na kwani tatizo ni nini hasa? Hata hulijui."

Hapo Fundi akashindwa kujizuia. "Ni mlango! Mlango wa ghorofa fulani kufuli lake limelegea, ukiguswa tu kidogo lifti inadhani upo wazi, inasimama. Nimeusikia tangu tuko chini. Unagonga mara mbili kabla ya kufunga."

Mkewe akakunjua mikono.

"Ulisikia?" aliuliza mkewe polepole. "Ulisikia, na ukatuingiza?"

"Uliniapisha!"

"Nilikuapisha usituharibie likizo, sikukuapisha utuue!"

"Hakuna anayekufa humu! Humu ndani ndipo mahali salama kuliko pote katika jengo hili. Mnanielewa? Zipo kamba tano za chuma, moja tu inatosha kutubeba sisi sote na..." Akamtazama yule mwanamume wa suti, akaacha sentensi ilipofika.

Maana yule mwanamume alikuwa haongei tena. Alikuwa amejibana pembeni, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, anapumua juu juu, na bahasha ameikumbatia kifuani. "Usaili wangu ni saa tano," alisema. "Nimesubiri miezi minane. Hewa imekwisha. Hamuoni hewa imekwisha?"

"Hewa haiwezi kuisha, ndugu yangu, kuna matundu huku juu na huku chini," alisema Fundi. Lakini yalikuwa maneno ya ufundi, na mtu mwenye hofu hana sikio la ufundi.

Mama mkwe ndiye aliyejongea. Alijishika ukutani, akamfikia yule mwanamume, akamwekea mkono tumboni bila kumwomba ruhusa.

"Nitazame mimi, mwanangu. Usitazame mlango. Vuta pumzi kwa pua. Hivyo. Itoe kwa mdomo, polepole, kama unapoza chai. Tena. Usikaze mabega."

"Nakufa, mama."

"Wote husema hivyo. Sijapoteza hata mmoja kwa kupumua. Vuta. Toa. Vizuri sana, baba. Vizuri sana. Usisukume."

Binti mkubwa akaziba mdomo kwa kiganja. Lakini mwanamume yule alivuta na kutoa, akavuta na kutoa, mpaka rangi ikamrudia usoni, akateleza taratibu akakaa sakafuni. Bibi naye akakaa, kwa shida, akanyoosha miguu. Baada ya dakika chache akamvuta Fundi kwenye suruali. Fundi akainama.

"Mkwe wangu," alinong'ona, "bado muda gani? Usinidanganye."

"Fundi akiwa yuko mjini, saa moja. Akiwa mbali, moja na nusu."

"Mimi sina saa moja na nusu." Akaangusha macho. "Zile dawa za presha. Wewe unajua zinavyofanya."

Fundi alisikia uso unamchoma. Aliinua kichwa akatazama dari, akatazama mkewe, akatazama mwanamume wa suti, akatazama sakafu ile ya mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Halafu akaiona ndoo ya bluu.

"Mbona," alisema, "mpe bibi ndoo."

"Mbona anaitaka?"

"Mpe tu."

"Ni ya mchanga!"

"Nitakununulia nyingine, nitakununulia kumi, mpe bibi ndoo!"

Mkewe na binti mkubwa wakafungua taulo mbili kubwa za kuogelea, zile zilizokuwa ziende kisiwani, wakazishika juu kama pazia kwenye pembe. Fundi na mwanamume wa suti wakageukia ukuta wa pili, bega kwa bega, pua zao karibu zinagusa kibati cha maelezo.

"Watu wanane," alisoma Fundi kwa sauti kubwa. "Kilo mia sita na thelathini. Usivute sigara. Wakati wa moto tumia ngazi."

"Wakati wa moto tumia ngazi," aliitikia mwanamume wa suti, kwa sauti kubwa zaidi, na Fundi akampenda kwa hilo.

"Mmemaliza kusoma?" iliuliza sauti ya bibi baadaye. "Mimi nimemaliza."

Walikuwa hawajapata hata kutulia pale yule mlinzi aliposikika tena, safari hii si kwenye spika, bali karibu, nyuma ya mlango, chini ya miguu yao. Chuma kikakwaruza chuma.

"Mzee! Nimepata ufunguo! Nawafungulia!"

"Nilikwambia usiguse!" Fundi alipiga kelele. "Acha! Funga huo mlango!"

Lakini mwanamume wa suti alikuwa ameshasimama. Sauti ya ufunguo ilimtia wazimu. Akaingiza vidole kwenye mwanya wa mlango wa ndani, akavuta kwa uzito wake wote, mlango ukaachia nusu. Hewa ya baridi ikaingia. Wakaona, chini ya usawa wa sakafu yao, korido ya ghorofa ya kumi: vigae, mtungi wa maji, na kichwa cha mlinzi kikiwatazama kwa furaha, kidevu chake kikiwa karibu sawa na viatu vyao.

"Si hapo tu!" alisema mkewe. "Jamani, si hapo tu! Ni kuruka!"

"Mleteni mtoto kwanza," alisema mlinzi, akanyoosha mikono.

Mbona akapiga hatua.

Fundi hakukumbuka baadaye alivyofika pale. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa amemkamata Mbona kwa fulana kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameuweka kifuani mwa mwanamume wa suti, na mwili wake wote umeziba mlango. Na alikuwa anapiga kelele. Watoto wake hawakuwahi kumsikia akipiga kelele namna ile. Mkewe pia.

"Rudini nyuma! Rudini ukutani! Wote! Hakuna anayetoka hapa!"

"Baba Mbona, mlango upo wazi..."

"Tazama chini!" Akamwonyesha kwa kidevu. "Usitazame korido. Tazama chini ya sakafu hii. Unaona nini?"

Mkewe akainama. Kati ya sakafu ya lifti na vigae vya korido kulikuwa na uwazi, mweusi, wa kumtosha mtu mzima kupita amelala. Upepo mwembamba ulikuwa unapanda kutoka mle, una harufu ya grisi.

"Lile ni shimo," alisema Fundi. "Ghorofa kumi. Mtu anaruka, miguu inafika, mwili unayumba nyuma, anaingia chini ya lifti. Nimeiona. Mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa nimetumwa ufunguo, nikawa narudi nao, niko kwenye korido, kama huyu mlinzi alivyosimama. Alikuwa karani, kijana mwenye shati jeupe. Hakutaka kusubiri. Aliruka, akanitazama, akacheka kwamba ameweza. Halafu akateleza." Akamvuta Mbona karibu zaidi. "Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyo na wewe sasa. Sikumshika."

Mlinzi kule chini aliteremsha mikono yake taratibu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Kwa hiyo mtasubiri," alisema Fundi. "Mtanichukia, mtasubiri. Wewe mlinzi, funga huo mlango, usikie kufuli linavyolia, kisha simama hapo na usimruhusu mtu aguse. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee."

Mlango ukafungwa. Fundi akasukuma ule wa ndani mpaka ukakutana, akauegemea kwa mgongo, akashuka akakaa chini. Mbona akaja akajipenyeza chini ya kwapa lake, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, hakuuliza kitu.

Fundi wa zamu alifika saa saba kasoro robo. Waligundua kwamba amefika kwa kuwa spika iliacha kukwaruza ikatoa sauti ya mwanamke, nyembamba na yenye kuchoka.

"Habari za humo. Mimi ndiye fundi. Nimeambiwa yupo mtu anazuia watu wasitoke. Nani huyo?"

"Mimi," alisema Fundi.

"Unafanya kazi hii?"

"Miaka kumi na tisa."

"Mungu akuweke. Umesikia nini?"

Fundi akamtazama mkewe. Mkewe akapunga mkono kama anafukuza nzi. "Sema, sema."

Na Fundi akasema. Alisema kufuli la mlango, alisema unavyogonga mara mbili, alisema anadhani ni ghorofa ya kumi na mbili au kumi na tatu, maana lifti ilisimama bila mlango wa karibu kuguswa. Yule mwanamke akaenda akarudi. Ni kumi na mbili, alisema. Wapo watu wanahamisha ofisi, wameegemeza kabati la chuma kwenye mlango wa lifti. Kabati! Fundi alijipiga paja. Masaa mawili ndani ya joto, kwa ajili ya kabati.

"Nakwenda chumba cha mashine," alisema yule mwanamke. "Nazima umeme, nawashusha kwa mkono. Mtasikia breki."

"Taratibu tu, dada."

"Kaka, usinifundishe kazi."

"Samahani."

Taa ikazimika, binti mkubwa akawasha ya simu. Kisha lifti ikashuka kidogo, ikashika. Kidogo tena, ikashika. Fundi alikuwa amefumba macho, anasikiliza, na kila breki iliposhika alitikisa kichwa. Anajua, alikuwa anawaza. Huyu anajua. Mlango ukafunguka sakafu ikiwa sawasawa na vigae vya ghorofa ya kumi, wala hapakuwa na hata pengo la unene wa kidole.

Mwanamume wa suti alitoka wa kwanza. Akafika kwenye mtungi wa maji, akanywa vikombe vitatu, akarudi akampa bibi mkono, akasema, "Asante, mama," kisha akapanda ngazi kwenda ghorofa ya kumi na nne, amechelewa karibu saa mbili, bahasha imelowa jasho. Hawakujua ilimwendeaje. Bibi alitoka wa pili, ndoo mkononi, mfuniko umekazwa, taulo juu yake, akamwuliza mlinzi vyoo viko wapi kwa namna ambayo mlinzi alijikuta anampigia saluti.

Hakuna aliyezungumzia tena kupanda juu. Kushuka ngazi ghorofa kumi na bibi kuliwachukua dakika arobaini. Katika kila ghorofa alikaa, akapumua, akasema jambo. Ghorofa ya saba alisema jengo limejengwa vibaya. Ghorofa ya tano alisema wazo la kuja huku halikuwa lake, lilikuwa la dada wa mapokezi. Ghorofa ya tatu binti mkubwa alipata mtandao, akakaa chini kabisa kwenye ngazi, akaanza kuandika kwa vidole vyote, na mama yake akamwambia akithubutu kuandika habari ya ndoo atamnyang'anya simu mpaka amalize shule.

Saa tisa waliketi kwenye kibanda cha chipsi kando ya ukuta wa bahari. Mawimbi yalikuwa yanarusha maji mpaka barabarani, na bibi aligeuza kiti chake akaikazia macho bahari bila kusema na mtu. Walikula kwa hasira. Walibishana nani aliyesema waende jengo refu, nani aliyekataa makumbusho, nani aliyeacha maji ya kunywa hotelini. Kila mmoja alikuwa na toleo lake, na katika matoleo yote mwenye kosa alikuwa Fundi. Alikula chipsi zake. Alikuwa na njaa kuliko hamu ya kujitetea.

Watoto walipoenda kurusha mawe majini, mkewe alisogeza kiti.

"Yule karani," alisema. "Alikuwa na familia?"

"Mama yake. Nilikwenda mazishini, nikasimama nyuma. Sikumwambia mimi ni nani."

"Na mimi hukuniambia. Tumeoana miaka kumi na saba."

Fundi aliweka chini kipande cha chipsi. "Hukuwahi kuniuliza kazini kunakuwaje. Unaniuliza nitarudi saa ngapi."

Ilimtoka kwa ukali kuliko alivyokusudia. Mkewe akafungua mdomo, na ulikuwa ule mdomo wa kujibu, anaujua. Lakini alitazama bahari, akatazama mikono ya mumewe yenye makovu ya kamba za chuma, akachukua chumvi akamnyunyizia kwenye chipsi zake, ingawa zilikuwa na chumvi tayari.

"Basi nitauliza," alisema. "Kuanzia leo."

"Leo usianze," alisema Fundi. "Leo nimechoka. Na zina chumvi."

"Kula hivyo hivyo," alisema mkewe.

Akala.